Mstari wa Nne

Kilichomkera Inspekta Restuta Matonya ni ile nafasi tupu.

Tangu asubuhi alikuwa ameutandaza mezani ukurasa mmoja wa ripoti ya Kituo cha Mavuno Salama, akiukandamiza kwa kikombe cha chai maana upepo wa Dodoma hauna adabu dirisha likiwa wazi. Ukurasa ulikuwa na grafu. Mistari mitatu ya rangi, mmoja kwa kila ghala, ilionyesha kiasi cha sumukuvu, yaani ile sumu ya ukungu wa mahindi, kuanzia mavuno hadi siku ya ukaguzi. Kondoa, Kongwa, Mpwapwa mjini. Yote mitatu ilikuwa imejilaza chini, chini hata ya ule mstari mweusi wa nukta nukta uliowekwa kuonyesha kikomo cha sheria. Juu yake ulikuwa uwanja mtupu hadi mwisho wa mchoro. Ghala la nne, la Kibakwe, halikuonekana kabisa, na mahindi yaliyoua watoto yalitoka Kibakwe.

Restuta hakuwa mtu wa grafu, na hakuona haya kulisema. Miaka yake ya upelelezi ilikuwa imepita kwenye nyayo za ng'ombe walioibwa, mipaka ya mashamba iliyohama yenyewe, na watu wanaoapa huku wakitazama pembeni. Kesi hii ilitua kwake kwa sababu wakubwa waliiona nyepesi: mtuhumiwa yuko mahabusu, ushahidi uko mezani, jalada linatakiwa kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi. Kazi yake ilikuwa kulisoma, kulipanga na kulifunga kamba.

Kwa mujibu wa jalada, Ruthu, mchambuzi wa takwimu wa kituo, alikuwa na vipimo vya Kibakwe kwenye kompyuta yake tangu mwanzo, na vipimo hivyo vilivuka kikomo kwa mbali. Koplo Kefa, mtaalamu wa kompyuta wa idara, alichukua programu ya Ruthu na namba zake, akaziendesha kwenye kompyuta ya polisi, ikatoka grafu yenye mistari minne. Ile ya ripoti ilikuwa na mitatu. Basi mtu aliuondoa mmoja, na mwenye uwezo huo alikuwa Ruthu. Sababu nayo ilipatikana: ripoti ilipotoka tu, Obedi, mwenye ghala la Kibakwe, alipeleka gunia la mahindi nyumbani kwa mama yake Ruthu. Jalada liliita gunia hilo hongo.

Kisha kulikuwa na sentensi moja ambayo Restuta aliisoma, akairudia, akainuka na kwenda kusimama dirishani. Mtoto wa kwanza kufa alikuwa Abeli, mtoto pekee wa Ruthu, aliyekuwa akilelewa na bibi yake hukohuko Kibakwe. Alikufa kwa mahindi ya gunia lile. Aliyeandika jalada alilimaliza jambo hilo kwa kusema kwamba mtuhumiwa “hakutarajia mahindi hayo yatumike nyumbani.” Restuta, aliyelea watoto wanne, alijiuliza kama mwandishi wa maneno hayo alidhani gunia la mahindi likifika kwa bibi huwekwa sebuleni litazamwe.

Alimwita Kefa.

“Hiki kipimo cha pembeni kinaishia wapi?”

“Sitini, afande.”

“Na mstari ulio juu kuliko yote umefika ngapi?”

“Nane hivi.”

“Sasa huko juu kote palikuwa panasubiriwa nani?”

Kefa, mwenye digrii nzuri na subira ndogo, alieleza kwamba hakuna binadamu aliyeupanga urefu ule. Programu ya Ruthu iliegemea maktaba ya kuchorea grafu, mkusanyiko wa zana ambao kila mchambuzi anao kwenye kompyuta yake, na maktaba hiyo hutazama namba kubwa kuliko zote ilizopewa, ikapanga urefu yenyewe. Aliposema hivyo akapata jibu. Namba za Kibakwe zilichorwa kweli, alisema, halafu Ruthu akaupaka ule mstari rangi nyeupe kwenye picha, akasahau kupunguza urefu.

Restuta alichukua lenzi anayotumia kwa alama za vidole. Nyuma ya mistari ya rangi kulikuwa na miraba ya kijivu, myembamba sana, ile ya kumsaidia msomaji kukisia namba. Miraba ilikuwa imekatika hapa na pale, na alipoifuata mikato kwa ncha ya kalamu aliiona ikipanda kutoka chini kushoto hadi karibu na kichwa cha mchoro. Kitu kilikuwa kimepita pale. Kwenye kona kulikuwa na kisanduku chenye majina ya maghala, kila jina kwa rangi ya mstari wake, na chini ya jina la tatu ilibaki nafasi ya kutosha jina moja zaidi.

Kefa alifurahi. Si ndiyo hayo aliyoyasema? Restuta hakufurahi. Mikato ilikuwa na upana uleule mwanzo hadi mwisho, na kingo zake zilikuwa safi kama za wembe. Mkono wa mtu anayeficha kitu hauwi mtulivu namna hiyo.

“Mwanamke huyu ndiye aliyeiandika programu,” alisema. “Akitaka Kibakwe isionekane anafuta neno moja tu, na hakuna wa kumjua. Mtu mwenye ufunguo wa mlango, Kefa, anaruka ukuta wa nini?”

Kefa alikuna shingo. Restuta akaagiza mtuhumiwa aletwe.

Ruthu aliingia amejifunga khanga ya mama yake juu ya gauni la kazini. Askari wa zamu alikuwa ameshasema kwamba halii wala hali, anakunywa maji tu, na kwamba wanawake wenzake mle ndani wameanza kumwogopa. Restuta alimpa pole ya msiba kabla ya swali lolote. Ruthu aliipokea kwa kuinamisha kichwa, kama mtu aliyepewa pole nyingi na hakuna iliyomfikia.

Alijieleza kwa utaratibu, sauti haipandi wala haishuki. Msimu ule alikuwa na grafu nyingi za kutoa, eneo kwa eneo, na programu ilizichora zote kwa mkupuo. Alizipitia haraka kwenye skrini kabla ya kuzituma zichapwe, na kwenye kila moja alitafuta kitu kimoja: kama kuna mstari uliovuka kikomo. Kwenye ile yenye Kibakwe haukuwepo. Alifurahi sana, alisema, kwa sababu Kibakwe ni kwao, na ni yeye aliyewasumbua wakubwa wa kituo mpaka ghala la kwao likaingizwa kwenye vipimo.

Restuta aliuliza kuhusu gunia. Obedi aliwapelekea wazee wengi, Ruthu alisema, kushukuru kwamba ghala limefaulu. Mama yake alipiga simu siku hiyohiyo, maana ni mtu wa tahadhari, hali kitu cha kupewa kabla hajauliza.

“Aliniuliza kama mahindi ya Obedi tunaweza kula,” Ruthu alisema. “Nikamwambia kuleni, mama, vipimo nimeviona kwa macho yangu. Akaniuliza tena, hata uji wa mtoto? Nikamwambia hata uji wa mtoto.”

Restuta aliiweka kalamu chini. Simu hiyo ilikuwamo kwenye maelezo ya bibi pia, karibu neno kwa neno, na hakuna aliyeona haja ya kuitoa nyuma ya jalada na kuiweka mbele. Mla hongo gani anamwambia mama yake apike uji wa mwanawe kwa sumu aliyolipwa kuificha? Alikasirika, na chini ya hasira aliumia, kwa sababu alimwona yule bibi akiwa amesimama na simu sikioni, akiuliza mara ya pili.

“Afande, mimi sina haja ya kutoka humu,” Ruthu alisema. “Nifungeni mkitaka. Ila mtafuteni aliyeuondoa ule mstari. Mtu alikaa akaona mwanangu atakula sumu, akaificha. Nataka nimwone uso.”

Yeye mwenyewe alimshuku Nasra, katibu muhtasi aliyechapa ripoti. Waliwahi kugombana vibaya, na ripoti ilipita mikononi mwake peke yake. Restuta aliandika jina hilo, na kabla Ruthu hajarudishwa mahabusu alimwahidi kwamba huyo mtu, awe nani, atampata. Aliahidi kwa moyo wote, na kabla jua halijapinda alitamani asingefungua kinywa.

Kituo cha Mavuno Salama kilikuwa Chang'ombe, nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ofisi, imebanwa kati ya saluni na duka la vipuri vya pikipiki. Nasra alikuwa mwanamke wa Kondoa mwenye ushungi ulionyooshwa vizuri na maneno makavu. Alimkaribisha inspekta kiti, akamwuliza habari za kazi, kisha akakaa mikono mapajani akisubiri kushukiwa. Restuta hakuzunguka. Alimwuliza waligombana nini na Ruthu.

“Wino, afande. Wino tu.”

Grafu za Ruthu, alieleza, zamani zilikuwa nyeusi. Ukurasa mzima mweusi, mistari inang'aa juu yake. Kwenye skrini zilipendeza, lakini zikiingia kwenye printa zinakunywa wino wote, na anayeulizwa wino umekwenda wapi ni Nasra. Alilalamika, akalalamika tena, mwishowe akamsimamia Ruthu mezani na kumwambia haondoki mpaka azibadilishe. Ruthu alibadilisha huku amevimba. Hawakusalimiana kwa muda, hadi siku moja Ruthu akaja na karanga za kukaanga kutoka kwa mama yake, yakaisha. Kuhusu ripoti, Nasra alipokea faili, akabonyeza, zikatoka. Yeye picha hajui hata kuifungua, sembuse kuipaka rangi. Alivuta droo akatoa grafu moja ya zamani ili inspekta ajionee balaa lenyewe.

Restuta aliiweka kando ya ile ya ripoti. Moja nyeusi, moja nyeupe. Maandishi yaliyokuwa meupe yamekuwa meusi, miraba imekuwa ya kijivu hafifu. Mistari ya rangi tu ndiyo haikubadilika: ya chungwa, bluu ya mbingu, kijani, kwa mpangilio uleule. Aliuliza huo weusi ulianzia wapi. Nasra alielekeza kwa kidevu kwenye mlango wa ndani, na kwa mara ya kwanza ukavu wake ukapungua.

Mle ndani alikaa Mzee Mbwana, mkuu wa kituo, pazia limefungwa mchana kweupe. Restuta alimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba akitazama kidogo pembeni ya alipo. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Skrini nyeupe ilimchoma kama jua, alisema, na kwa muda mrefu alikaa vikaoni akijifanya anaona. Wote waliokuwa wakikaa naye hawakujua. Ruthu ndiye aliyejua.

“Alikuja hapa akaniuliza rangi zipi naziona vizuri,” alisema mzee. “Nikamtajia. Hata majina akayapaka rangi ya mistari yake, nisihangaike kulinganisha. Nikamwambia, binti yangu, utachoka kufanya hivi kila siku kwa ajili ya mzee mmoja. Akasema, mzee, nimeshaiambia kompyuta mara moja, haitasahau.”

“Ulimtajia zipi?”

“Ya chungwa. Bluu ya mbingu. Kijani.” Alifikiri. “Na nyeupe. Kwenye ule weusi, nyeupe ndiyo niliyoiona kuliko zote.”

Restuta hakuandika kitu. Mzee aliuliza kama Ruthu anakula huko aliko. Restuta, ambaye si kawaida yake kuwadanganya mashahidi, alimwambia anakula.

Alipotoka nje alisimama mbele ya duka la vipuri akampigia Kefa. Alimwuliza, ile siku aliyopata mistari minne, aliyeiambia kompyuta ya polisi itumie rangi zipi alikuwa nani. Kefa alisema hakuna aliyeiambia, ilitumia za kawaida tu, zile inazozaliwa nazo. Restuta alimwuliza kama aliwahi kuiendesha programu ile kwenye kompyuta ya Ruthu yenyewe. Kefa akaanza kueleza kwamba kielelezo hakiguswi, kwamba utaratibu ni kunakili programu na namba.

“Nakili diski nzima,” Restuta alimkata. “Kila kilichomo, hata usichokiona. Nakuja kusaini.”

Alipofika ofisini Kefa alikuwa ameshamaliza, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alianza kumweleza polepole, bila ile haraka yake. Maktaba ile ya kuchorea, kila inapoamshwa, hutafuta kwanza faili la mipangilio. Likiwepo kwenye folda ya kazi, hulisoma hilo. Lisipokuwepo, huenda kwenye folda ya mwenye kompyuta. Likikosekana na huko, hutumia mipangilio yake ya kuzaliwa. Haiulizi wala haitoi taarifa. Kompyuta ya polisi haikuwa na faili lolote, ndiyo maana iliupaka mstari wa nne rangi nyekundu. Kompyuta ya Ruthu ilikuwa nalo, kwenye folda iliyofichika ambayo Kefa hakuigusa.

Alilifungua. Lilikuwa faili fupi la maandishi, kila amri na mstari wake. Rangi ya nyuma ilikuwa nyeupe, na juu yake Ruthu alikuwa ameacha maelezo mafupi ya kujikumbusha kwamba ilikuwa nyeusi, amebadilisha kwa ajili ya wino. Maandishi yalikuwa meusi, nayo yamebadilishwa siku hiyohiyo. Chini zaidi ilikuja orodha ya rangi za mistari kwa zamu zake: ya chungwa, bluu ya mbingu, kijani, nyeupe. Orodha hiyo haikuwa imeguswa.

Kefa aliiendesha programu kwa mipangilio hiyo. Ikatoka grafu ya ripoti kama ilivyo, mistari mitatu chini na uwanja mtupu juu. Akaifuta ile nyeupe, akaandika nyekundu, akaiendesha tena. Kutoka kona ya chini kushoto mstari ulichomoza, ukakipita kikomo mapema, ukapanda hadi karibu na kichwa cha mchoro. Jina la Kibakwe likatokea kwenye nafasi yake.

Misimu yote ya nyuma grafu za kituo zilikuwa na maghala matatu. Zamu ya rangi ya nne haikuwahi kufika, na nyeupe ilikaa humo bila kumdhuru mtu. Kibakwe ilipoongezwa ilipewa rangi ya karatasi. Mstari ulichorwa, wala haukufutwa na mtu.

“Nilibeba programu na namba, mipangilio yake nikaiacha,” Kefa alisema. “Nimemweka yule mama ndani kwa rangi za kompyuta yangu.”

Restuta hakumfariji wala hakumgombeza. Alikuwa akitafuta mtu wa kumkasirikia na hakumpata. Mzee aliyetaja rangi anazoziona? Nasra na wino wake? Obedi alikuwa amelazwa hospitali, ameyala mahindi yaleyale na familia yake. Miaka yote alipofika mwisho wa kesi alikuta mtu pale, mwoga au mkatili, na kumkuta kulimpa namna ya kupumua. Hapa mwisho wa njia alikaa yuleyule mwanamke aliyemwomba amtafutie mwuaji wa mwanawe.

Angeweza kumwachia wakili amwambie. Aliliwaza hilo, akaona ni woga. Ruthu aliletwa tena, akakaa kiti kilekile, Kefa akiwa ameketi kando na kompyuta imefungwa mbele yake. Restuta alimweleza kwanza kwamba tuhuma ya hongo ataiondoa, na kwamba Nasra hahusiki. Ruthu hakuuliza kuhusu hongo.

“Ni nani basi?”

Restuta alikuwa amepanga maneno kwenye korido. Yote yalimtoka. Badala yake aliuliza swali ambalo lilikuwa likimsumbua tangu Kefa alipofungua lile faili.

“Ruthu, kwenye yale maghala manne, kwa nini Kibakwe uliiweka mwisho?”

Ruthu alishangaa. “Ni kwetu, afande. Nilishasumbua watu mpaka imeingizwa. Ningeitanguliza wangesema napendelea kwetu. Hata nyumbani mtu hajipakulii kabla ya wageni.”

“Na rangi ulizopanga kwa ajili ya Mzee Mbwana ni zipi? Nitajie kwa zamu zake.”

“Ya chungwa,” Ruthu alisema. “Bluu ya mbingu. Kijani.”

Hapo akaishia. Mdomo ulibaki wazi kidogo, na macho yakahama kutoka kwa Restuta kwenda ukutani, yakakaa pale. Kefa alitazama viatu vyake. Nje mtu aliwasha pikipiki, ikakataa, akawasha tena, na Restuta alitamani iendelee kukataa ili chumba kisiwe kimya.

“Nilibadilisha nyuma tu,” Ruthu alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. “Nyuma na maandishi. Nasra alikuwa amesimama ananisubiri.”

Aliomba kuuona. Restuta alimtazama Kefa, Kefa akaifungua kompyuta na kuisogeza. Ruthu aliipata ile orodha bila kuelekezwa. Alifuta neno moja, akaandika jingine, akabonyeza. Mstari ulipopanda aliufuata kwa kidole juu ya kioo, taratibu, na ulipoishia akakipeleka kidole mbele kidogo, nje ya mchoro, akakisimamisha.

“Hapa ndipo mama aliponipigia,” alisema.

Kisha akalia. Kilio kilitoka chini sana, kile ambacho siku zote za mahabusu hakikutoka, na Kefa alisimama akatoka bila kuomba ruhusa. Restuta alizunguka meza, akavuta kiti, akakaa karibu naye na kumshika bega. Polisi hawafundishwi hilo, na alijua haliwezi kusaidia, lakini moyo ulimuuma kiasi kwamba asingeweza kubaki upande wa pili wa meza.

Alipoweza kusema, Ruthu aliomba aandikiwe kesi ya kuua. Aliomba kwa adabu, kama mtu anayeomba huduma ya ofisi. Restuta alimwambia haiwezekani. Kama kuna uzembe, mwendesha mashtaka ataona na atamwita. Kwa leo anatoka kwa dhamana, anakwenda nyumbani.

“Nyumbani kwa nani?” Ruthu aliuliza.

Mama yake alikuwa ameshafika kumdhamini. Raheli alikuwa mama mwembamba mwenye mgongo ulionyooka, aliyetoka Kibakwe alfajiri na mfuko wa kitambaa ambao hakutaka kuuachia. Restuta alimwamkia kwa Kigogo, mbukwa mama, naye akafurahi kusikia lugha ya nyumbani ndani ya jengo lile. Aliweka dole gumba kwenye karatasi ya dhamana, akalifuta wino kwa pindo la khanga yake, na alipomwona bintiye akitokea koridoni alimkimbilia.

Hakulia. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku akimkagua, kisha akamgeukia Restuta na kupiga magoti pale pale mapokezi, askari wakitazama.

“Mungu akulipe, mwanangu,” alisema. “Mimi niliwaambia. Niliwaambia mtoto wangu hawezi kuficha sumu.”

Restuta alimwinua haraka, akimshika viwiko. Hakujua aweke wapi macho yake. Raheli hakuliona hilo. Alikuwa akitengeneza kola ya gauni la Ruthu, akimweleza kwamba majirani wamewalisha mbuzi, kwamba mchungaji ameulizia, kwamba kwenye mfuko kuna viazi vya kuchemsha, viazi tupu, mahindi hawali tena pale nyumbani. Kisha akakumbuka.

“Na yule aliyeficha, mmemkamata?”

Restuta alifungua mdomo.

“Nitakwambia tukifika, mama,” Ruthu alisema.

“Amekamatwa lakini?”

“Amejulikana, mama. Twende.”

Raheli aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kwamba sawa, hiyo yatosha kwa sasa. Ruthu aliuchukua ule mfuko, na safari hii mama aliuachia. Wakatoka, mama ametangulia akizungumza, binti nyuma yake. Restuta aliwatazama kutoka mlangoni hadi wakavuka barabara. Njia ya Kibakwe ni ndefu, na alijua Ruthu ataihitaji yote kutafuta neno la kuanzia.